Mate ya Bibi Khue

Sehemu ya saba

Barua zenu nimezisoma. Mmoja kaniita domokaya. Mwingine, tena mwalimu wa sekondari, kaniuliza kama mama yangu alisahau kunifunga breki. Sina la kujibu. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu.

Kwa aliyechelewa kutufuata: mimi ni Mac, msoma matangazo wa kata yetu. Kila alfajiri saa kumi na moja sauti yangu hutoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo, mtu akitaka asitake. Wiki iliyopita mliniacha kibandani, karatasi mkononi, nikisema hivi: "Mifupa ya mpiganaji Luong, kaka yake Bibi Thoan, aliyepotea vitani Quang Tri mwaka sabini na mbili, imetambuliwa kwa vinasaba."

Sikuwa nimefika kwenye nukta. Mlango ulisukumwa kwa teke, akaingia yule binti wa maabara ya Hanoi, Diep, akachomoa waya ukutani.

"Nani kakupa hiyo karatasi?"

"Mwenyekiti Cuong."

"Soma maneno ya juu kabisa."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: ya mhusika peke yake.

"Binti yangu, hapa kwetu bata wa mtu akipotea tunatangaza. Mpiganaji arudi baada ya miaka arobaini na mbili, tunyamaze?"

Diep akakaa kwenye kigoda changu, akafunika uso kwa mikono miwili.

"Mjomba, umeniua."

"Nimekuuaje? Si habari njema?"

"Ingekuwa njema kama uchunguzi ungekuwa umekwisha." Akasimama. "Nyumba ya Bibi Khue ni ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nyumba ya Bibi Khue iko chini kabisa ya nguzo ya spika, dirisha lake limeangaliana nayo.

"Basi amesikia," akasema.

"Amesikia hata nilivyokohoa."

Bibi Khue nilimjua tangu nikiwa mtoto wa kukimbizwa kwenye mashamba ya mpunga ya watu. Umri miaka themanini na sita. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Hoach, aliyepanda lori moja na Luong siku moja, wakaenda vita moja, wasirudi wote wawili. Wiki tatu alikuwa hajainuka kitandani. Daktari wa zahanati alishatuambia tusimsumbue na sindano tena. Alichokuwa anangoja, kata nzima ilikijua: mifupa ya Hoach irudi izikwe nyumbani kabla yeye hajafumba macho.

Tulimkuta amegeuzia uso dirishani.

"Mac," akasema kabla hata sijaamkia, "Luong amepatikana."

"Ndiyo, bibi."

"Nimefurahi. Mpelekeeni Thoan tambuu, mseme imetoka kwangu." Kisha akamwona Diep, na uso ukabadilika. "Wewe ndiye uliyenifuta mate kwa pamba kule zahanati."

"Ndimi, bibi. Nina jambo la kukuuliza. Mjomba, nisubiri nje."

"Mwache," akasema Bibi Khue. "Nusu ameshaitangaza. Nusu nyingine aibebe kimya, labda itamkomesha."

Nikakaa. Sikuwahi kukaa mahali kwa adabu kama siku ile.

Diep akatoa kitu kwenye mfuko wa nailoni. Kitana. Kitana cha bati la ndege, kama vile vilivyochongwa na wapiganaji msituni kwa mabaki ya ndege zilizoanguka. Meno mawili yalikuwa yamevunjika. Kwenye mpini kulikuwa na maneno mawili yaliyochongwa kwa ncha ya msumari: Mama Khue.

Bibi Khue hakukipokea kwanza. Alikitazama tu. Kisha akakigusa kila jino, moja baada ya jingine, kama anayemhesabia mtoto vidole.

"Aliniandikia," akasema. "Barua ya mwisho, Thoan ndiye aliyenisomea. Mama, nakuchongea kitana, nywele zako nilizoea kukuchana mimi, sasa nani anakuchana." Akakigeuza. "Kimekutwa wapi?"

"Kwenye mifupa, bibi."

"Basi ni mwanangu."

Diep akapiga magoti kando ya kitanda. Nilidhani atafurahi naye. Hakufurahi.

"Bibi, na sisi tulisema hivyo hivyo. Kwa sababu ya kitana, mate yako ndiyo tuliyoyapima kwanza. Hayakukubali. Tukapima mara ya pili. Hayakukubali."

Nje kuku alikuwa anaparua majani makavu.

"Hayakukubali vipi?" akauliza Bibi Khue. "Mate yangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Wewe binti umesoma?"

"Nimesoma, bibi."

"Basi kuna kitu hawakukufundisha. Mimi sikuwa na maziwa. Huyu mtoto nilimlea kwa maji ya mchele, akapata miezi michache nikaanza kumtafunia. Nilikuwa naweka wali mdomoni, natafuna mpaka ulainike kabisa, namtilia kinywani kwa ulimi wangu. Asubuhi, mchana na jioni, miaka miwili. Mlipokuja kusema mnataka mate, nikashukuru. Mngesema damu ningejificha chini ya kitanda hiki. Lakini mate! Mate nilijua yatakubali. Hiyo mifupa niliijenga mimi kwa mate yangu. Iweje isiyajue?"

Msomaji, Diep amesomea vinasaba miaka kumi na miwili. Aliinama akashika ukingo wa mkeka, machozi yakamdondoka juu ya mkono, wala hakuyafuta.

Na mimi hapo ndipo akili iliponifikia. Mngesema damu ningejificha. Kwa nini mama ajifiche?

Bibi Khue akageuza uso kunitazama.

"Umeelewa sasa, mwenye spika?"

Haya ninayoandika chini hapa nayaandika kwa ruhusa. Ya nani, mtaona wenyewe.

Mwaka hamsini na tatu Bibi Khue alikuwa na miaka sita ya ndoa na hana mtoto. Mama mkwe wake alikwisha kumchagulia mumewe mke wa pili, mahari imeshazungumzwa. Mwaka huo huo Thoan, binti wa nyumba ya pili kutoka hapo, mwenye miaka kumi na saba, alipata mimba. Kijana mwenyewe alikwenda na jeshi, hakuonekana tena. Zamani zile kwetu msichana wa hivyo alinyolewa kichwa, akapakwa chokaa, akapitishwa sokoni. Mama yake Thoan alikuja kwa Khue na tambuu, akapiga magoti. Khue akaanza kujifunga matambara tumboni, akiyaongeza kila mwezi. Ulipofika muda, wote watatu wakaenda kwa ndugu mkoa wa mbali, wakisema wanafuata mganga. Waliporudi, mwenye mtoto alikuwa Khue.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama yake Thoan alikufa nayo. Wakabaki wawili, nyumba mbili mbali, miaka sitini na moja.

"Hoach alimwita Thoan shangazi," akasema Bibi Khue. "Akipita kwenda shule, Thoan alikuwa anafagia uwanja. Kila siku. Uwanja ule haukuwahi kuwa na jani."

Sasa tazameni nilichokifanya. Diep hakumtajia Bibi Khue mate ya nani yaliyokubali. Sheria yao inamkataza. Lakini mimi nilikwisha kulitaja jina hilo kwa spika nane. Aliyejua habari ya kitana na aliyesikia tangazo langu, akiziweka pamoja, anaipata siri yote. Mtu wa pekee aliyekuwa nazo zote mbili alikuwa amelala mbele yangu.

"Bibi," Diep akasema taratibu, "mifupa imekaa kwenye udongo mwekundu miaka mingi. Kilichobaki ndani yake ni alama ya upande wa mama tu. Ndugu wa tumbo moja wanayo moja. Na mtoto wa dada anayo hiyo hiyo. Siwezi kusema zaidi ya hapo."

"Usiseme. Wala kwa Thoan usiseme." Bibi Khue akakirudisha kile kitana, lakini vidole vilichelewa kukiachia. "Mpelekeeni mifupa. Zikeni kwa jina la Luong. Atakuwa nyumba mbili kutoka hapa. Inatosha."

"Jiwe litaandikwa jina la mtu mwingine, bibi."

"Liandikwe. Thoan alinipa mtoto mzima, aliyecheka, akanililia, akaniita mama. Mimi nitashindwa kumpa mifupa?"

Tulipotoka nje nilikuwa nimewaka.

"Nenda kwa Thoan sasa hivi," nikamwambia Diep. "Mwambie. Yule mama hana siku tatu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mjomba, Bibi Thoan alinipa mate amtafute kaka yake. Karatasi aliyotia dole gumba inasema hivyo tu. Hakunipa ruhusa nimtafute mtu mwingine mle ndani. Na mle ndani mna watu wengi."

"Kwa hiyo mnazika mtu kwa jina si lake, roho yenu inatulia?"

"Haitulii," akasema. "Nani kakwambia inatulia?"

Tukatembea. Tukafika karibu na bwawa la bata, akasimama.

"Kuna kitu kimoja naruhusiwa. Naweza kumuuliza kama anataka kuambiwa."

Nyumba ya Bibi Thoan ilishageuka ya sherehe. Mwanawe Sang, fundi wa matofali, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kifua kama pipa, alikuwa anafunga turubai la bluu huku akiwapigia kelele waliokuwa wanachuna nguruwe.

"Bwana Mac!" akaniita. "Kesho utangaze vizuri. Mjomba wangu aingie kata hii kwa heshima, dunia isikie."

"Dunia imeshasikia," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikaniudhi.

Bibi Thoan alikuwa ndani, kwenye meza ya ibada ya wahenga, anaifuta picha ya Luong. Miaka sabini na minane, kiuno kimepinda, shavu limejaa tambuu. Diep akachuchumaa karibu yake.

"Bibi, kuna jambo limetoka kwenye mate yako ambalo hukuniomba nilitafute. Nikikwambia, halirudi tena. Ukisema hutaki, naondoka nalo, na simwambii mtu yeyote, hata huyu mjomba."

"Huyo hasa," akasema Bibi Thoan.

Nilistahili.

"Ni la ugonjwa?"

"Si la ugonjwa, bibi."

Akatafuna kidogo. "Walimkuta na kitu shimoni?"

"Kitana."

"Kina maandishi?"

Diep akatazama sakafu. "Hilo nalo liko ndani ya jambo lenyewe."

Taya la Bibi Thoan likasimama. Alibaki na kile kitambaa cha vumbi mkononi, anaitazama picha, na mimi nilikuwa namwomba kimoyomoyo: uliza, mama, uliza.

"Sitaki," akasema. "Nenda, mwanangu. Kesho nina wageni."

Na Diep akaondoka nalo. Nilimfuata njia nzima nikimsema. Nikamwita karani wa mawe ya kaburi. Nikamwambia sheria yao haina tumbo la kuzaa wala mgongo wa kubeba. Aliendelea kutembea mpaka tulipofika kwangu.

"Hata kutojua ni haki yake, mjomba," akasema. "Wewe alfajiri ya leo hukumwachia mtu haki yoyote."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Kesho yake adhuhuri jirani anayemlisha Bibi Khue alikuja mbio. Uji umegoma. Unaingia mdomoni, unatoka pembeni.

Saa tisa alasiri sanduku likaletwa kwenye jumba la kata, dogo, limefunikwa bendera. Mwenyekiti Cuong alikuwa amevaa suti ya harusi ya mwanawe. Alinikabidhi kipaza sauti na kuniambia nisizime hata kidogo, wazee walioshindwa kuja wasikie wakiwa majumbani. Nikafikiria lile dirisha lililo chini ya nguzo. Nikafungua.

Kabla ya sanduku kufungwa kabisa, ndugu huweka chochote. Sang aliweka majani ya chai, pakiti ya sigara, na jozi ya sandali mpya. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Bibi Thoan akasogea, amejishikiza kwenye fimbo, akatia mkono kifuani. Akatoa kitambaa cheupe cha msiba, kimekunjwa. Akakilaza juu ya mifupa, upande wa kichwa.

Ukumbi ukaanza kunong'ona.

Kwetu mtoto akiwatangulia wazazi wake, huzikwa na kitambaa cheupe kichwani. Anavaa msiba wao mapema, maana siku wakifa hatakuwepo kuwavalia. Lakini wazazi wa Luong walikufa kabla ya vita kwisha. Luong hana wa kumvalia. Kumwekea kitambaa ni kusema mama yake yu hai.

"Mama," Sang akasema kwa sauti ya chini, "umechanganya. Bibi na babu walishakufa."

Bibi Thoan akatia mkono kifuani tena. Akatoa kitambaa cha pili, akakilaza juu ya cha kwanza.

Sasa hata waliokuwa wamekaa nyuma walisimama.

"Mama Thoan," Cuong akasema, "tufuate taratibu. Hivi viwili ni vya nini?"

"Kimoja cha Khue," akasema. "Kimoja changu."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Jana yake nilifungua kilichotakiwa kufungwa. Safari hii nilitaka kufunga, naapa.

"Mac," akasema bila hata kugeuka, "acha wazi."

Nikaacha.

Akaeleza. Hakueleza kwa maneno mengi. Mwanamke aliyenyamaza miaka sitini na moja hana mazoea ya kupamba. Alisema alikuwa na miaka kumi na saba. Alisema alijifungua mtoto wa kiume na hakumnyonyesha hata mara moja, kwa sababu mama yake alimwambia ukimnyonyesha hutampa mtu. Alisema maziwa yalikauka kwa kufungwa kitambaa cheupe kifuani, na kwamba kitambaa hicho ndicho kimoja kati ya hivi viwili.

Kina mama waliokuwa mbele walianza kulia kabla hajamaliza.

"Uongo," akasema Sang. Uso ulikuwa umemwiva. "Kompyuta imesema Luong. Wewe binti wa Hanoi, kompyuta imesema nini? Sema mbele za watu."

"Sema," Cuong naye akadakia. "Hapa ni shughuli ya serikali."

Diep alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliweka mikono nyuma.

"Siwezi kusema bila ruhusa ya mwenye mate."

"Mimi ndiye mwenyekiti wa kata."

"Si mate yako, mwenyekiti."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Bibi Thoan akageuka.

"Mate ni yangu. Jana sikutaka, leo nataka. Sema, mwanangu."

Diep akavuta pumzi, akasema yote: alama ya upande wa mama, kaka au mtoto, mifupa haiwezi kutofautisha. Akainua kitana juu watu wakakiona, akasoma maneno mawili yaliyochongwa. Kisha akasema na lile ambalo wengine tungelimeza.

"Lakini kitana kinaweza kubebwa na rafiki. Walikuwa kikosi kimoja. Siwezi kuapa kwamba ni Hoach."

"Unaona?" Sang akasema.

"Mimi naona," akajibu Bibi Thoan. "Akiwa Luong, ni damu yangu. Akiwa Hoach, ni damu yangu. Kwangu mimi hakuna kinachopungua. Anayepungukiwa ni Khue. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mimi nilifanya lile dogo, na hili leo nalo ni dogo."

Sang akamgeukia mama yake. Kisha akauliza, na sauti haikuwa tena ya mtu wa kifua kama pipa.

"Hoach huyu aliyenifundisha kuogelea?"

"Ndiye."

"Aliyenibeba mgongoni siku nilipoumwa na nyoka, mpaka zahanati?"

"Ndiye, mwanangu."

"Alikuwa kaka yangu, na wewe ulikuwa unatutazama."

"Nilikuwa nawatazama," akasema.

Sang akajifuta uso kwa kiganja kilichojaa ngozi ngumu. Niliogopa atalipiga teke lile sanduku. Badala yake aliinama, akalibeba peke yake, akalikumbatia.

"Tunampeleka wapi?"

Bibi Thoan hakumjibu yeye. Alikuja kwangu, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikisogeza karibu mno, kama wazee wote wanavyofanya, na pumzi yake ikasikika kata nzima kabla ya maneno.

"Dada Khue. Ni mimi, Thoan. Mtoto wetu amefika. Usiondoke kwanza, dada. Tunamleta kwako."

Sijui kama nimewahi kusoma tangazo maishani mwangu. Hilo ndilo lilikuwa tangazo.

Tulitoka kama maji. Sang mbele na sanduku, Diep akimshika mkono Bibi Thoan, mimi nyuma na fungu la vijiti vya ubani ambavyo nilisahau kuviwasha. Cuong alikuwa anapiga kelele juu ya fomu. Hakuna aliyesimama.

Mlangoni kwa Bibi Khue alikuwepo yule jirani, ameshika bakuli la uji. Uji ulikuwa haujaguswa.

"Yu hai?" akauliza Bibi Thoan.

"Njoo uone mwenyewe."

Tukaingia. Bibi Khue alikuwa amelala chali, macho yamefumba, mikono juu ya shuka. Dirisha lilikuwa wazi. Mdomo wake ulikuwa unakwenda. Polepole, upande huu, upande ule. Alikuwa anatafuna.

"Hana kitu mdomoni," jirani akanong'ona. "Nimeangalia. Ameanza mliposema mtoto amefika, hajaacha."

Sang akapiga magoti, akaliweka sanduku kitandani, ubavuni kwa mama. Bibi Thoan akachukua kitana kwa Diep, akakiweka kwenye kiganja cha Bibi Khue. Vidole vikajikunja juu yake, kimoja kimoja.

"Dada," akasema, "inatosha sasa. Imelainika. Mpe mtoto."

Mdomo ukasimama.

Bibi Thoan aliinamisha sikio lake mpaka likagusa ile midomo, akainua mkono mmoja kutuambia tunyamaze.